Muhogo wa Siku Mbili

Riziki mwanangu,

Kesho asubuhi unaanza safari ya Muheto kufundisha, kwa miguu kwanza, kisha kwa pikipiki, na toka juzi kila mwanamke wa Itebero amepita hapa kukupa mashauri. Vaa sweta, kule ni baridi. Usimjibu mkubwa wa shule. Sali. Simu usiiweke mfuko wa nyuma. Nimewasikiliza wote na sina la kuongeza. Una miaka ishirini na mmoja, umemaliza masomo ya ualimu, na kama bado hujui kuvaa sweta basi karo ile ilikuwa bure. Mimi nina jambo moja tu la kukuandikia. Nitazunguka kidogo kabla sijalifikia, maana najijua: ulimi wangu ni mwepesi kwa makosa ya wengine, na kwa makosa yangu ni mzito.

Nianze na ndugu zangu wa Muheto, kwa kuwa ndio utakaokula nao. Kaka yangu ana watoto kumi na mmoja na mke anayejiona malkia kwa sababu baba yake alikuwa na ng'ombe wengi. Watakudharau. Nasema hivyo bila wasiwasi wowote, kwa sababu dharau hiyo ndiyo niliyonyonyeshwa. Kwa watu wetu wa mlimani, mtu wa Walikale, yaani wa huku kwenu, ni mtu wa pori, mla nyani, mla majani. Watakuuliza kama huku kuna chumvi. Watakupa mashanza, yale maziwa ya kuganda, halafu watakukodolea macho waone kama utakunja uso.

Usitishike. Hao ni watu wanaochemsha viazi kwa maji na chumvi, wanavimwaga kwenye sinia, na wanaviita chakula cha wageni. Mboga za majani kwao ni kazi ya ng'ombe. Shangazi yangu mmoja aliishi mpaka uzee wake bila kuonja pilipili, na alikuwa akijisifu kwa jambo hilo baada ya misa. Nawapenda, ni damu yangu, lakini ukweli ni kwamba wanajivuna kwa vitu ambavyo ng'ombe ndiye aliyevifanya.

Nami nilikuja huku kuolewa nikiwa na majivuno hayo yote, hayajapungua hata kijiko. Baba yako alinipata Kashebere, nikiuza jibini kando ya barabara, na kwa kuwa alikuwa mzuri wa sura na mchache wa maneno nilimfuata mpaka msituni. Nilipofika hapa nilitazama kijiji chote nikasema moyoni: kumbe ni kweli wanayosema. Nilicheka jinsi walivyokaa. Nilicheka jinsi walivyokausha samaki. Bibi yako, Koko, mama wa baba yako, alinipokea kwa mikono miwili, nami nikahesabu meno aliyobakiwa nayo.

Kilichonichefua kuliko vyote ni muhogo. Wewe umezaliwa katika harufu ile, huisikii. Mimi nilitoka kwenye harufu ya maziwa na moshi wa mti mkavu, halafu nikaletwa kwenye kidimbwi kile cha kijito, muhogo umelala majini, umevimba, maji yamekuwa meupe yenye povu, harufu inakufuata mpaka kitandani. Wiki yangu ya kwanza Koko alinichukua hadi pale.

"Mama, hapa kwetu muhogo iko kali," aliniambia. "Inalala mu maji siku ine. Unaminya na kidole. Kidole ikiingia yenyewe, njo unatoa. Mbele ya pale, hapana."

Nilichukua kitambaa nikajifunga puani, mbele yake, makusudi.

"Weye unafikiri harufu iko ya uchafu," akasema. "Iko ya ile mubaya yenye inatoka."

Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la sita na yeye hajui kushika kalamu. Nilijiambia kwamba siku nne za kungoja kitu kioze ni uvivu tu uliopewa jina la desturi, kwamba watu hawa wanaloweka kwa sababu mababu zao waliloweka, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu. Sababu alikuwa ameshanipa pale pale kwenye kidimbwi, na sikuisikia, kwa kuwa ilitoka katika mdomo wa mwanamke mwenye meno machache.

Miaka ya kwanza haikuleta madhara. Koko mwenyewe ndiye aliyeangalia muhogo, na chakula kilikuwa cha kutosha: samaki, maharagi, nyama ya mitego ya baba yako. Halafu ukaja ule mwaka barabara ilipofungwa. Utaukumbuka, ulikuwa na miaka tisa. Maharagi hayakufika tena kutoka mlimani. Baba yako alikaa porini miezi na kurudi na panya wawili. Koko alikuwa ameenda kwa binti yake kumuuguza. Nyumbani nilibaki mimi na watoto tisa, watano niliowazaa na wanne walioachwa na marehemu baba yenu mkubwa, na asubuhi mpaka jioni ni ugali wa muhogo na sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, sombe na ugali wa muhogo.

Watoto tisa wanamaliza unga haraka. Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nikijipa, na mtu yeyote angeielewa. Lakini si ya kweli, Riziki, angalau si yote. Ningeweza kuloweka mwingi zaidi, shamba lilikuwa limejaa. Ukweli ni kwamba Koko hakuwapo kunitazama, nami nilifurahi. Nilisema sasa jiko ni langu, harufu hii tutaipunguza. Siku nne nikazifanya tatu. Nikaona hakuna aliyekufa. Tatu nikazifanya mbili. Ugali ulikuwa mchungu kidogo, nikauongezea chumvi. Dada mdogo wa baba yako alipopita akaonja na kusita, nilimwambia kwamba huo ndio ugali msafi, usionuka.

Kila mara niliyemtuma kutoa muhogo ni wewe. Mabinti wa baba yenu mkubwa walikuwa wakubwa kuliko wewe lakini walijua mila za kwao, wangenibishia. Wewe ulikuwa wangu. Siku ya mwisho uliniambia, nakumbuka neno kwa neno, "Mama, bado iko nguvu. Kidole haiingie." Nami nikakujibu, "Toa. Nani mama hapa?" Ukatoa. Ukabeba kikapu kichwani, maji yakikutiririkia mgongoni.

Wiki hiyo hiyo mdogo wako Amani alikwenda kuchuma mapera na wenzake akaanguka njiani. Alikuwa na miaka sita. Alipoinuka miguu ilikuwa imekakamaa, magoti yanagongana, anasimama kwa vidole. Alicheka kwanza, alidhani ni ganzi. Mlimbeba mpaka nyumbani mkibadilishana.

Koko alirudi siku ya pili. Hakwenda kwa mtoto kwanza, alikwenda kwenye unga. Alichota kwa ncha ya kidole, akaweka ulimini, akatema. Nyumba ilijaa watu: baba yako, baba zako wadogo, majirani, katekista. Koko akauliza polepole, "Nani alitoa hii muhogo mu maji?"

Ulikuwa umesimama mlangoni. Ulisema, "Njo mimi, Koko."

Hukudanganya. Uliulizwa nani alitoa, na mkono uliotoa ulikuwa wako. Baba yako akaweka mikono kichwani. Mtu mmoja akasema, masikini, mtoto hajui, mwingine akasema watoto wa siku hizi hawana subira. Wote wakanigeukia mimi wanihurumie, mama aliyeharibiwa mtoto na mtoto. Nami niliinamisha kichwa. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno manne tu, na sikuyasema. Nilijiambia ni kwa leo tu, kesho watu wakipoa nitasema.

Tulimpeleka Amani kituo cha afya, mwendo wa siku nzima. Hukuwapo, kwa hiyo hili hulijui. Muuguzi alimpima magoti, akaniuliza tunakula nini, akaniuliza tangu lini. Halafu akanivuta pembeni.

"Mama, hii haiko ya siku moya," akasema. "Hii iko ya ma semaine. Mutoto anakula muhogo yenye haikulala mu maji muzuri, bila nyama, bila maharagi, kila siku, kila siku. Njo sumu inapiga miguu. Haiko kosa ya kikapu moya."

Nilimwelewa vizuri sana. Kikapu ulichokiri wewe hakikufanya lolote. Nilifanya mimi, wiki baada ya wiki, kwa amri yangu, kwa sababu ya pua yangu. Nikarudi nyumbani nikamwambia kila mtu kwamba muuguzi amesema ni muhogo. Hapo nikaishia.

Kuanzia siku ile hukupika tena. Ulichota maji, ulikata kuni, ulitwanga mpaka viganja vikachubuka, lakini chungu hukukigusa. Ukipewa mwiko uliukabidhi kwa mdogo wako. Watu walisema Riziki mvivu, Riziki anajiona msomi. Niliwasikia. Nilijua sababu na nikawaacha waseme.

Mimi ndiye niliyepika, na hapo utaniona nilivyo hodari wa unafiki. Nilimwendea Koko nikamwambia nifundishe upya. Akanifundisha mbele ya watoto wote, bila kunipunguzia aibu. Tukawa tunapika kikundi kizima. Mmoja kazi yake kuhesabu siku za muhogo kwa kuweka jiwe juu ya kizingiti kila asubuhi. Mmoja kuminya kwa kidole. Mmoja kutwanga sombe, mwingine kusimamia sufuria isifunikwe mpaka mvuke wa kwanza umetoka wote. Wadogo kabisa walichambua maharagi, na yule aliyepitisha jiwe alikula pamoja na jiwe lake. Amani alikaa karibu na moto kwa kuwa hakuweza kukimbia na wenzake, na kwa kukaa pale akawa mpishi kuliko mimi. Tulipika majani ya lengalenga kwa karanga, samaki kwa majani ya ndizi, uyoga wa mvua za kwanza, ndizi na maharagi kwa mawese mekundu. Vile vijiwe vya chumvi vya dukani vya kukolezea mchuzi, vilivyofungwa karatasi ya kung'aa, havikuingia kwangu. Jirani yetu aliyelisha watoto biskuti na soda ili aonekane ana nafasi, nilimcheka hadharani.

Sifa zikaja. Padri akanitaja. Wakaja wageni wenye fulana nyeupe, wamebeba picha za nyanya na yai, kuja kutufundisha sisi kula, wakanikuta na watoto, sasa wamefika kumi na wawili, kila mmoja na kazi yake, wakashangaa. Walinipiga picha, wakaibandika ukutani kwenye kituo cha afya. Mmoja wao, kijana ambaye hajui kumenya ndizi bila kujikata, aliniita mama wa mfano na akaniomba niwaambie wanawake siri ya nyumba yangu. Niliwaambia ni subira na usafi. Ulikuwa unapita nyuma yetu na ndoo ya maji, na mpiga picha alikuomba usogee.

Sasa nikuambie siri yenyewe. Niliwaweka watoto wote jikoni kwa sababu sikujiamini. Nilitaka macho ya kunichunga nisirudie. Watoto hawakuwa wasaidizi wangu, walikuwa walinzi wangu. Naona wamenufaika, wote wana nguvu, wote wanajua kupika, hata wavulana, jambo linalowakera baba zako wadogo ambao wangekufa njaa kando ya gunia la unga kwa kukosa wa kuwasongea. Lakini nia yangu ilikuwa woga.

Koko alijua. Wiki aliyokufa niliingia mchana kumpa uji, akanishika mkono.

"Mama Riziki," akasema, "ile mutoto hakukosa."

Nikauliza mtoto gani.

"Nilingoja weye mwenyewe useme. Sikusema mimi juu bangekurudisha kwenu, batoto babakie bila mama. Nimechoka kungoja."

Akageukia ukuta. Aliishi siku tatu zaidi, akala kutoka kwa mkono wa kila mtu isipokuwa wangu. Nimewadharau watu wengi maishani, Riziki, wengi wao bila sababu. Mwanamke yule ndiye pekee aliyenidharau mimi kwa haki, na hata hivyo alinifichia.

Sasa jana. Baba yako alichinja kuku wa kukuaga, ukoo wote umekaa, Amani amepika. Na baba yako, akiwa na firigisi yake kinywani kama desturi, akaona afanye mzaha.

"Riziki, kule kwa bajomba yako usiguse chungu, sha. Ng'ombe zao zitaanguka miguu."

Walicheka. Baba zako wadogo, wake zao, mpaka wale watoto ambao hawakuwa wamezaliwa. Ni mzaha wa miaka, umeshapoteza makali kwao. Nawe ulicheka, kicheko kifupi, kisha ukachukua ndoo ukaenda mtoni wakati mapipa yote yalikuwa yamejaa. Nilikuwa nimekaa na bakuli mapajani. Nilikula. Nilimaliza hata mchuzi. Hapo ndipo nilipojiona sawasawa, na nilichokiona sikuweza kukidharau kwa mbali kama nilivyozoea, kwa kuwa kilikuwa kimevaa kitenge changu.

Kwa hiyo leo mchana, ulipokwenda parokiani kuaga, niliwaita. Baba yako, ndugu zake, Amani, wadogo zako wote. Nilisema kila kitu nilichokuandikia hapa: siku mbili, kitambaa puani, muuguzi, Koko. Nilisema nikiwa nimesimama, nisije nikapata pa kujikunyata.

Baba yako aliuliza, "Miaka kumi na mbili?" Nikasema ndiyo. Akainuka, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, na mpaka naandika haya bado yuko huko. Baba yako mdogo amesema ukoo utaniita Jumapili. Waniite. Wale walioniita mama wa mfano nao watasikia, na nadhani picha yangu itatolewa ukutani pale kituoni, ambapo haikustahili kukaa hata siku moja.

Amani alikuwa akisonga ugali. Hakuacha. Alisonga mpaka ukaiva, akaupakua, akafunika, akashika fimbo yake ndipo akanitazama.

"Riziki iko anajua?"

Nikamwambia bado.

"Basi umuambie leo. Asipande na hii muzigo mu mulima." Akaegemea fimbo yake. "Na mimi, Mama, sijue kama nitakusamehea. Ungoje."

Nimekubali kungoja. Wewe sikuombi hata msamaha. Mtu anayekuja na ombi la msamaha mdomoni jioni ya kuagana anataka kupunguziwa, na mimi sitaki unipunguzie. Barua hii atakupa Amani kabla jua halijazama, ili usiisome njiani peke yako juu ya pikipiki. Ukitaka kuja kuniambia neno, niko jikoni, mlango uko wazi, na nimewaomba wote wabaki hapa wasikie, kwa sababu mwaka ule walisikia lako.

Kule Muheto mke wa kaka yangu atakuonyesha jiko siku ya kwanza, kwa kuwa wewe ni msichana na ana watoto kumi na mmoja wa kulisha. Ukipenda kupika, pika. Wafundishe sombe wale walaji wa viazi, walie kwa utamu. Usipopenda, mwambie hupendi, mkaushie macho, mimi nimeshamkaushia mara nyingi. Lakini usikatae kwa kuogopa mikono yako. Mikono yako ilitii tu, na kabla ya kutii kidole chako kilinionya.

Na kama maneno ya hapa yatakutangulia, maana watu wetu hawana kazi, mtu akakuuliza hata kwa utani kama ni wewe uliyetoa muhogo ule majini, usiseme tena, "Ni mimi." Sema, "Mama yangu alisema toa." Sema jina langu, sema nilikotoka na nilikoolewa, ili wasinifananishe na mwingine.

Mimi Vumilia,
binti wa Muheto, mke wa Itebero, mama yako.